Ubao wa Kupimia Watoto wa Idete

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wako Dodoma, wako Dar, mmoja nasikia anauza matairi Zambia. Mimi safari yangu kubwa maishani ni kuhamisha benchi la kurandia kutoka nyuma ya nyumba kulileta mbele. Karakana yangu ni upenu wa nyumba yangu hapa Ifakara, chumba cha kulala kiko upande wa pili wa ukuta, na mke wangu husema mimi ndiye mwanamume pekee mjini anayekwenda kazini bila kuvaa viatu. Sibishi. Nikiishiwa misumari nampigia mwenye duka, naye huniletea pamoja na matusi.

Natengeneza vitanda, milango, meza za mama ntilie, na majeneza. Nayataja mwisho kwa adabu tu, maana ndiyo yanayotulisha. Mji wenye hospitali kubwa haukosi seremala wa namna hiyo, na yangu, bila kujisifu sana, yanajulikana bonde zima. Likipita barabarani watu husema, hilo ni la yule fundi wa karibu na reli. Hulitambua kwa ukanda wa nakshi ninaouzungushia pembeni, kwa vanishi yangu yenye rangi ya chai iliyokolea, na kwa vishikio vyenye rangi ya dhahabu, viwili kila upande, ambavyo huviagiza kwa maboksi. Nikiwa msibani na kusikia watu wakiisifia kazi yangu huinamisha kichwa nisionekane natabasamu, waombolezaji wakadhani nimezidiwa na majonzi.

Msimu mmoja wa kuvuna mpunga alikuja binti wa chuo, akapanga chumba kwa jirani yetu. Alikuwa anasomea mambo ya afya na ukuaji wa watoto. Kazi aliyopewa ilikuwa kupima urefu wa watoto wadogo wa kijiji cha Idete, wale ambao hawajajua kusimama sawasawa. Huku kwetu mpunga umejaa ndani mpaka watu wanalala na magunia chumbani, lakini wapo watoto wanaobaki wafupi kuliko umri wao, naye alitaka kujua ni wangapi na wanakula nini. Mtoto wa umri huo hapimwi wima. Analazwa chali juu ya ubao, utosi unagusa kibao kilichosimama upande wa kichwani, kisha kibao kingine kinasukumwa mpaka kiguse nyayo zake. Hapo ndipo urefu unasomwa. Binti alikuja na ubao wa chuo. Siku ya kwanza ya kazi ulichomoka kwenye bodaboda, na trekta lililokuwa nyuma likapita juu yake bila hata kupunguza mwendo.

Akaja kwangu na vipande vyake kwenye kiroba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti yangu. Hizo kuni umetoa wapi?"

"Siyo kuni, fundi. Huo ndio mwaka wangu wa masomo."

Nikacheka, naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Akanieleza. Asipowapima watoto wa Idete kabla ya kurudi chuoni hana cha kuandika, na asipoandika anarudia mwaka. Ubao mwingine wa chuo alikuwa nao mwenzake, yuko mkoa mwingine kabisa. Futi ya fundi cherehani mwalimu wake haitaki, kwa sababu inapinda, na mtoto naye anapinda, ukiviweka pamoja unapata urefu unaoutaka wewe.

"Vipande vyote unavyo?"

"Vyote, isipokuwa vilivyoondoka na tairi la trekta."

Akanipa vipimo. Akaongeza jambo moja tu. "Uwe rahisi kubeba, fundi. Nitakuwa naupandisha bodaboda kila siku."

"Hilo niachie mimi," nikamwambia.

Sasa hebu nieleze kilichonipata, kwa maana hata mimi nikikumbuka natamani kujificha chini ya benchi langu. Kichwani mwangu niliona ule ubao unafika chuoni. Niliona maprofesa wameuzunguka, wanapitisha vidole pembeni mwake, mmoja anauliza, nani kafanya kazi hii? Mimi na masomo tuliachana bila kuagana. Matokeo yangu ya kidato cha nne mpaka leo mke wangu hajayaona, na hatayaona. Nikaona hapa ndipo ninapoingia chuo kikuu, angalau kwa mbao. Nikachukua vipande vya mtiki vilivyobaki kwenye kazi fulani ya heshima. Nikaranda mpaka mkono ukawa unateleza. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi, ikakauka, nikapaka tena. Pembeni pakaonekana patupu, nikazungusha nakshi. Na kwa kuwa binti alitaka uwe rahisi kubeba, nikafungua boksi langu nikafunga vishikio vinne, viwili upande huu na viwili upande ule.

Mke wangu alitoka kumwaga maji. Akasimama na beseni mkononi. Mtoto wetu wa mwisho, wa kike, alikuwa mgongoni kwake, anatafuna ncha ya kanga.

"Baba watoto," akasema, "hapo kilichokosekana ni mfiwa tu."

"Wewe hujui vifaa vya chuo."

"Vya chuo sivijui. Vyako navijua. Toa hivyo vishikio."

Nikamwambia ana wivu na kazi nzuri. Akaniangalia kama anavyoniangalia ninapoweka sukari kwenye maharage, akaingia ndani. Binti wa watu alipofika aliona ubao unang'aa, akapiga makofi. Kakulia mjini, majeneza aliyoyaona maishani yalikuwa yamefunikwa mashada. "Fundi, mbona ubao umependeza hivi!" Nikajibu kwamba hiyo ndiyo kazi, na nikakunja mikono kifuani.

Alirudi kabla ya mchana. Bodaboda iliposimama, kijana wa bodaboda ndiye aliyeanza kusema, hata injini hajazima.

"Fundi, umenifanyia nini wewe? Njia nzima watu wanavua kofia!"

"Wanavua kofia kwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Mzee mmoja kashuka kwenye baiskeli yake, kasimama pembeni, kainamisha kichwa mpaka tukapita. Pale njia panda wamama wamenikata jicho, eti nakimbiza maiti ya mtoto kama nakimbiza gunia la vitunguu. Mimi kwangu sitaki mikosi. Huu ubao siubebi tena."

Binti alishuka taratibu. Hakucheka. "Fundi, hawakukubali. Nilipoufungua tu kwenye kamba, mama mmoja akapiga yowe. Wakawafunga watoto mgongoni, wakaondoka. Wote. Wakasema mtoto mzima hapimwi kwa kulazwa. Anayepimwa amelala ni yule aliyekwisha kufa."

Mbele ya binti nikafanya kucheka. Nikasema watu wa vijijini bwana, ushirikina umewajaa, mti ni mti. Maneno mengi. Alipoondoka nilikwenda nikausimamisha ubao ukutani, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikauangalia kama mpita njia. Lo. Hata kwenye giza ningesema huyu ni mwanangu, nimemtengeneza mwenyewe.

Nikang'oa vishikio. Nikang'oa nakshi. Nikakwangua vanishi mpaka mti ukabaki mweupe kama umeumwa. Lakini habari zilikuwa zimeshafika Idete na kupita. Binti alipopiga simu kwa mama mmoja aliyemzoea aliambiwa, lile jeneza lako usirudi nalo. Ubao mpya usingesaidia, wangesema ni uleule. Siku za kurudi chuoni zilikuwa zinamkaribia. Alikaa kwenye ngazi ya jirani na simu mapajani, haandiki, hapigi, anaitazama tu. Mke wangu alimpelekea ugali na dagaa, akarudi na sahani haijaguswa.

"Kesho unakwenda Idete," mke wangu akaniambia.

"Mimi?"

"Wewe. Ukawaambie kwa mdomo wako. Kwetu ni kulekule, mimi na mtoto tunakuja. Na uvae viatu."

Tulikwenda. Sitaeleza safari, watu wenye kazi zao huenda Idete kila siku bila kuandika habari zake. Binti alikuwa ameomba tukutane mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, maana wanawake wa kijiji hawakosi kupita pale. Walikuja wengi, zaidi ya nilivyotarajia, na watoto wao mgongoni. Nadhani walikuja kumwona mtengeneza majeneza mchana kweupe. Shemeji zangu walinipokea kwa heshima zote.

"Karibu, shemeji! Umekuja kupima soko?"

"Shemeji, mbona umekuja mikono mitupu? Siku hizi hutembei na sampuli?"

"Msimsogelee huyo, anawakadiria."

Nikacheka nao, nikitafuta mahali pa kuanzia. Nikauweka ubao juu ya mkeka, mweupe, mkavu, hauna nakshi wala kishikio. Nikaanza hotuba yangu. Dada zangu, nikasema, kosa ni langu, niliupamba vibaya, sasa nimeuvua mapambo yote. Huu ni mti tu. Mlango wa nyumba yako ni mti. Kitanda ni mti. Mwiko wa ugali ni mti.

"Mlangoni napita nimesimama," akasema mmoja.

"Na haya matundu ni ya nini?" Huyu alikuwa bibi mmoja mwembamba aliyekuja mbele bila kuitwa. Mke wangu alishanionya habari zake njiani: ni mtani wa ukoo wa wakwe zangu, usimjibu, hutashinda. Aliingiza kidole kwenye tundu moja la skrubu nilipong'oa kishikio, akakizungusha, akakitoa akakinusa. "Hapa palikuwa na kitu cha kushikia. Umekinyofoa usiku, siyo? Wewe mla rambirambi."

Wakacheka. Hapo nilikuwa bado sijashindwa. Aibu ya kuchekwa naijua, nimeoana nayo, tunalala kitanda kimoja. Nikaendelea kusema kwamba binti huyu anataka kuwasaidia watoto wao, na kwamba woga huu wa mbao ni wa watu wa zamani.

Ndipo mama mmoja wa Kisukuma akasogea. Wao walihamia huku na ng'ombe wao, na pale kijijini ana sauti yake. Alikuwa na mtoto mnene mkononi, na hakuwa akicheka tangu mwanzo.

"Fundi," akasema, "yule mgongoni kwa mke wako ni wa kwako?"

"Ni wa kwangu."

"Anasimama?"

"Bado. Anatambaa."

"Basi mlaze yeye kwanza. Mimi nitaleta wangu."

Lilikuwa ombi dogo na la haki. Nikaona binti wa chuo ananiangalia, uso umefunguka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bodaboda. Mke wangu akafungua kanga, akanipa mtoto. Nikampokea, nikapiga magoti mbele ya ubao, nikaanza kumshusha.

Hapa ni lazima niseme jambo la kazi yangu. Watu wakija kuagiza jeneza la mtoto hawaji na sentimita. Huja na uzi. Mara nyingi anayekuja ni baba. Ameukata kule ndani walikomlaza, ameuviringa kiganjani, ananipa huku anaangalia benchi, au kuku, au barabara. Mimi naunyoosha juu ya mbao na kuweka alama. Nimefanya hivyo mpaka uzi wenyewe siuhitaji tena, naupokea kwa heshima tu. Baba akinionyesha kwa mikono, macho yangu yanajua. Nyumbani macho hayo huyazuia. Watoto wangu nawaona kwa kelele zao na kwa kuvunja vitu. Sikuwa nimewahi hata mara moja kumwona mmoja wao kwa urefu.

Mgongo wake ulipokaribia mti, macho yakafanya kazi yake kabla sijayakataza. Nikajua mbao kiasi gani. Nikajua hata vipande gani nyumbani vingetosha, na viko kona ipi.

Mikono ikarudi juu yenyewe. Nilikuwa nimempakata kifuani, nimemkumbatia kwa nguvu mpaka akalalamika.

"Ana mafua," nikasema.

Mtoto wangu alikuwa anacheka na mtu nyuma yangu, pua yake kavu kabisa.

"Mafua," akarudia mama wa Kisukuma, polepole, kama mtu anayeonja kitu. Hakuwa ananidhihaki. Laiti angenidhihaki. Akageuza mtoto wake, akamweka mgongoni, akaanza kufunga kanga. Na wengine wakaanza kufunga zao. Nilisikia zile sauti za nguo zinazokazwa, moja baada ya nyingine. Binti wa chuo alikuwa ameshika penseli na karatasi zake. Alizishusha. Hakuniangalia, na nadhani alifanya hivyo kwa kunihurumia.

Miaka yote hiyo nimejifanya mtu wa mzaha ambaye kifo ni mteja wake tu. Nimewatania wafiwa wakati wa kuchagua vishikio, ili wapumue. Nimewaita wanawake wale washamba, mbele ya mgeni, kwa kuogopa kitu kilekile ninachokiogopa mimi. Tofauti yetu ni kwamba wao walisema mapema na kwa sauti, na mimi nikangoja mpaka mwaka wa mtoto wa watu uko mikononi mwangu ndipo nikasema mafua.

"Pisheni!" Yule bibi mtani alikuwa amevua kandambili zake. "Pisheni nipite, watu wa Idete! Msiba gani huu hauna mtani?"

Anayejua misiba ya kwetu anajua watani wanavyofanya. Watu wanalia, wao wanaingia na vichekesho, wanamsema marehemu, wanajitupa kaburini wanadai hawatoki mpaka wapewe chochote. Bibi akaja na mwendo huohuo. Akakaa juu ya ubao wangu, akajinyoosha chali, kichwa kikagusa kibao cha mwanzo na miguu ikamwagika nje, magoti yote mawili na zaidi, mpaka kwenye pumba za mpunga. Akafumba macho. Akakunja mikono kifuani.

"Haya, mla rambirambi. Nipime."

"Bibi, inuka."

"Nimetosha?"

"Umezidi, bibi. Umezidi sana."

"Nimezidi!" Akafumbua jicho moja. "Mmesikia? Fundi mwenyewe kasema nimezidi. Basi mimi bado sifi. Huyu kazi haijui, kanitengenezea la kuku."

Kicheko kilichotoka pale kilimfanya hata mwenye mashine azime injini aje kuangalia. Wanawake walikuwa wanapigana migongoni. Mmoja alikaa chini kabisa. Bibi hakuinuka mpaka alipopewa haki yake ya mtani, na haki yenyewe alijichagulia: kofia yangu. Aliivaa, akaishusha hadi kwenye nyusi, akaenda kusimama pembeni kama mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

Lakini kucheka ni kucheka. Niliangalia kanga zao. Hakuna iliyofunguliwa.

Mke wangu akapiga magoti kando yangu. Aliupangusa ubao kwa kiganja, mara mbili, kama anavyopangusa kitanda makombo kabla ya kumlaza mtoto. Akanyoosha mikono. Mimi nilikuwa bado nimemng'ang'ania.

"Sogea," akasema.

Ndilo neno pekee aliloniambia. Akamchukua, akamvua, akamlaza. Mtoto akashtushwa na ubaridi wa mti, akarusha miguu, akanyamaza, akaanza kuangalia juu.

"Anatakiwa mtu wa kushika kichwa," akasema binti wa chuo. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nitanyoosha miguu. Mama akae hapa amwone. Fundi, njoo wewe."

"Mimi tena?"

"Upige magoti huku nyuma. Viganja kwenye masikio, utosi uguse ubao. Usimbane."

Nikaenda. Nikashika kichwa cha binti yangu. Mtoto akilazwa hivyo anakuangalia moja kwa moja, uso wako kwake uko juu chini. Alinitazama hivyo, amekunja kipaji, akijaribu kunitambua. Nilishindwa kumwangalia. Nikaangalia mikono yangu.

"Utosi uguse, fundi, kipimo kinacheza."

Akasukuma kibao mpaka nyayoni, akasoma, akaandika. Urefu wenyewe nilikuwa nimeshaujua kabla hajausoma.

Mama wa Kisukuma alingoja mpaka mke wangu amemvalisha mtoto na kumfunga mgongoni. Akamchunguza huyo mtoto, shavu, macho, kana kwamba anahakikisha ni yuleyule. Kisha akafungua kanga. "Mshike vizuri," akaniambia. Basi akalaza wake, mnene yule, akapiga kelele kwelikweli, na kelele zile, sijui kwa nini, ziliwatuliza wenzake. Wakaja. Siyo wote. Wapo walioondoka na watoto wao bila kugeuka, na siwezi kuwasema. Lakini walikuja, mmoja mmoja, na mchana wote ule nilipiga magoti kichwani mwa watoto wa Idete. Mama zao hawakuwa wanaangalia ubao tena. Walikuwa wanaiangalia mikono yangu. Nadhani kila mmoja alijua mikono hiyo hushika nini siku nyingine, na mimi nilijua kwamba wanajua, na kichwa cha mtoto kilikuwa cha moto katikati ya viganja, kinageuka kumtafuta mama yake. Sikutania hata mmoja. Bibi mwenye kofia yangu alijaribu kunichokoza mara mbili tatu, akaacha.

Jua lilipogeukia milima ya Udzungwa binti alipitia karatasi zake, midomo ikihesabu. Akainua uso. "Wanatosha, fundi. Wanatosha kabisa." Akamkumbatia mke wangu, akamshika mkono bibi, akacheka peke yake. Kisha akanigeukia na kunishukuru kwa heshima zote, akanishikia hata kiwiko wakati ninainuka, maana magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Nilitamani anitukane kidogo. Hakunitukana. Akasema atabaki kwa mama mmoja kuuliza habari za vyakula, sisi tutangulie, ubao atakuja kuuchukua kwangu siku ya kuondoka.

Tukashika njia kwenda kituo cha bodaboda. Mke wangu alitangulia. Mtoto alikuwa macho mgongoni kwake, shavu limebanwa kwenye kanga, ananiangalia kwa jicho moja. Nikaongeza mwendo mpaka nikawa nao sambamba.

"Nipe nimbebe," nikasema.

Hakusimama. "Na huo ubao atabeba nani?"

Nikarudi nyuma yao. Nikauhamishia bega la pili. Tukikutana na watu walimsalimia mke wangu, mwenzao wa hapo, wakamuuliza hali ya mtoto, naye akasema mzima, hajambo, wakamgusa mguu. Kisha wakafika kwangu, wakaona nilichobeba, wakapunguza sauti.